Mgambo, Posho na Fungu: Nani Aliyelipia Amani ya Bonde la Kilombero?



Kila mwaka mpunga unapokaribia kuchanua katika bonde la Mto Kilombero, jamaa nyingi za Ifakara hufunga nyumba zao za mjini na kwenda kukaa mashambani kwa wiki, pengine kwa miezi. Hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na humo hukesha wakiwafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Watoto wanaosoma aghalabu hubaki nyuma, chini ya uangalizi wa bibi, wa dada mkubwa, au wa jirani aliyeombwa tu awatupie jicho. Lipangalala, mojawapo ya kata za Mji wa Ifakara, ni mahali pa namna hiyo: ni mjini kwa hesabu za serikali, lakini maisha yake yanaongozwa na shamba.

Aliye kwenye dungu haulizwi nani atamlipa. Mpunga ni wake, na ujira wake umo ndani ya magunia atakayorudi nayo. Lakini yule anayemlinda mtoto wa jirani, anayezunguka mtaani usiku na fimbo na tochi, anayeingia katika nyumba ya watu kusuluhisha ugomvi wa mume na mke kabla haujafika kwenye panga, yeye hulipwa na nani? Swali hili huonekana dogo, la kikarani. Nitajaribu kuonyesha kuwa ukilifuata kwa miaka mia moja katika bonde hili moja, linakufikisha kwenye kiini cha uhusiano wa raia na utawala wake.

Kwa kuwa mhadhara huu ni wa taaluma za Kiswahili, naomba nianze na maneno yenyewe, maana maneno ni mashahidi ambao hawakupangiwa la kusema. Neno *mgambo* tunalijua leo kama jina la askari wa akiba, au la kijana wa halmashauri anayewakimbiza wachuuzi barabarani. Lakini methali inasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mgambo wa methali hii hana sare wala bunduki. Ni mwito, tangazo linalopigwa kwa baragumu ili watu wote watoke. Hatari ilikuwa ya wote na mwito ulikuwa wa wote. Kutoka mwito wa wote hadi mtu mmoja aliyevaa sare ni safari ndefu ya maana, na katika safari hiyo ndipo swali la malipo lilipozaliwa: wote wakitoka hapana wa kulipwa, lakini akitoka mmoja kwa niaba ya wengine, lazima pawe na wa kumlisha.

Neno la kumlisha ni *posho*. Katika zama za misafara posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku, kipimo cha nafaka ili aweze kubeba mzigo kesho yake. Haikuwa mshahara. Leo posho ni fedha anayopewa mjumbe kwa kikao, na bado si mshahara. Nadhani neno hili limehifadhi kitu ambacho sheria zetu zimekisahau: mtu anayelipwa posho ni mtu anayehesabiwa kuwa yumo safarini kwa muda tu, kana kwamba kazi yake itakwisha. Kazi ya kuzuia ukatili haina mwisho wa safari.

Sina haja ya kukaa sana juu ya amani ya Wajerumani. Mwezi Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia Ifakara, na utulivu uliofuata uliletwa kwa moto na njaa. Kodi ilimlisha askari, naye askari akaikusanya kodi. Mambo yanakuwa na mafunzo zaidi kwetu baada ya 1926, Waingereza walipoanzisha tawala za wenyeji Tanganyika nzima, kila moja ikiwa na hazina yake na mahakama yake. Hazina hizo zilijazwa na mgawo wa kodi, na pia na ada na faini za mahakama. Tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Watu wawili walipogombana juu ya mke, mpaka wa shamba au deni, walilipa ili wasikilizwe, na aliyeshindwa alilipa tena. Ugomvi ulikuwa chanzo cha mapato. Serikali ya kwanza ya mitaa katika historia yetu ya kisasa haikuwa na fungu la kuzuia ugomvi. Ilikuwa na fungu lililotokana na ugomvi. Simlaumu mtu mmoja mmoja kwa hilo, maana palikuwa na majumbe na watemi waliosuluhisha kwa hekima kubwa. Ninasema tu kwamba daftari la hazina halikuwa na mahali pa kuandika ugomvi ambao haukutokea.

Hofu kubwa kuliko zote kusini mwa Tanganyika, hofu iliyoweza kuligeuza kundi la majirani kuwa kundi la wauaji kwa usiku mmoja, ilikuwa hofu ya uchawi. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi, na ile ya mwaka 1928, ambayo ingali katika vitabu vyetu, ilikataza kumtaja mtu kuwa mchawi na ikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mshukiwa. Wananchi walitafuta njia yao. Katika miaka ya 1920 alivuma Ngoja bin Kimeta, na baada yake Nguvumali, aliyefariki mwaka 1957 na ambaye Hasani bin Ismail alimtungia utenzi uliohaririwa na Peter Lienhardt na kuchapishwa mwaka 1968. Wanafunzi wa fasihi wanausoma utenzi huo kwa ajili ya lugha na masimulizi yake. Mimi ninawaomba wausome pia kama hati ya historia ya utawala, maana mganga wa namna ile hakuingia kijijini kama mwizi. Aliitwa, na ada yake ilitoka kwa wanakijiji.

Katika bonde la Kilombero na Ulanga desturi hii ilichukua sura ya pekee. Maia Green, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wapogoro, ameeleza jinsi washukiwa wa uchawi walivyopelekwa kwa mganga mwanamke wa upande wa Malinyi wakanyolewe nywele na kupewa dawa, ili uwezo wa kudhuru uwatoke na warudi nyumbani wakiwa watu wa kawaida. Mara nyingi mshtaki naye alinyolewa. Na hapa ndipo penye jambo letu: ofisi za vijiji na kata zilihusika. Barua ya kumtambulisha msafiri ilitoka kwa kiongozi wa serikali ya kijiji, yule yule ambaye kwa mujibu wa sheria ya 1928 hakupaswa kukubali kwamba kuna mshukiwa. Mwaka 2005 Green pamoja na Simeon Mesaki waliandika kuhusu waganga waliofuata, ambao mahali pao palikwisha kuitwa «saluni».

Watu wa mjini hucheka wakisikia habari hizi. Wasicheke upesi. Mesaki huyo huyo amekusanya habari za mauaji ya watu walioshukiwa uchawi nchini kati ya 1970 na 1984, nao ni zaidi ya 3,000, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa wa Usukumani. Bibi kizee aliyeshukiwa huko Shinyanga aliweza kukatwa mapanga usiku kitandani pake. Bibi kizee aliyeshukiwa Ulanga alikuwa na njia ya kupanda gari, kunyolewa, na kurudi hai. Ukiyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani, kunyoa kulikuwa mpango wa jamii wa kuzuia mauaji, ulioendeshwa kwa baraka za ofisi ya kijiji, na pengine mpango uliodumu kuliko wowote bonde hili lilioujua.

Lakini sitaki kuupamba. Nauli na ada zilitoka mifukoni mwa wahusika na jamaa zao. Mzee ambaye hakuwa na kosa lolote ila wivu wa jirani aliuza kuku au gunia la mpunga ili anunue haki ya kuishi kwake mwenyewe kwa amani. Aibu ya kichwa kilichonyolewa ilikuwa sehemu ya malipo hayo. Ofisi ilitoa karatasi na muhuri. Mshukiwa alitoa mengine yote. Nimeukalia mfano huu kwa sababu ndani yake kanuni ya bonde zima inaonekana wazi: mamlaka huamuru amani, na aliye dhaifu ndiye huilipia.

Baada ya uhuru serikali za mitaa zilipata misukosuko. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na kuanza kazi tena mwaka 1984. Katika miaka ile ambapo wilaya haikuwa na halmashauri, kazi ya kuzuia ugomvi wa majumbani ilibaki kwa mtu mmoja asiye na ofisi wala karani: balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu wa chama, na hakulipwa. Mke aliyepigwa alikimbilia kwake kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa macho. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa wa chama chake, na nyumba nyingi zikaona haya kumpelekea siri zao mtu wa chama kisicho chao. (Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba majirani zetu wa Kenya waliliazima wazo la Nyumba Kumi baada ya shambulio la Westgate la mwaka 2013, wakati sisi tulikuwa tumekwisha kuliacha lichakae.)

Sungusungu walizaliwa mbali na Kilombero, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi walipokuwa wachache. Jina lao ni la wale siafu wadogo weusi wanaokwenda kwa mstari na kuuma kwa pamoja. Serikali iliwatazama kwa mashaka, kisha kwa upendo, kwa sababu walikuwa ulinzi usiogharimu hazina hata senti. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa walinzi wa jadi uwezo wa kukamata kama wa mgambo. Uwezo walipewa. Fungu hawakupewa. Utaratibu ulienea nchini kote, na mijini ukageuka kuwa zamu za usiku: kila kaya itoe mwanamume, au itoe mchango ili alipwe mwingine. Mjane asiye na mwanamume wa kumtoa alilipa fedha. Mwenye gari na ukuta mrefu alilipa fedha ile ile, pengine hakulipa kabisa.

Na mgambo wa halmashauri je? Kuanzia 1984 halmashauri zilizorudishwa zilitegemea kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima bila kujali sana pato lake, na mwenye kuikusanya akawa mtendaji akiwa na mgambo. Odd-Helge Fjeldstad, aliyefanya utafiti Kibaha na Kilosa, alionyesha jinsi ukusanyaji huo ulivyotegemea vizuizi vya barabarani na misako. Watu walilala porini wakisikia mgambo wanakuja. Kodi hii ilifutwa mwaka 2003, na wananchi wengi walishangilia. Kwa hiyo kwa takriban miaka ishirini mtu aliyevaa sare ya ulinzi alikuwa ndiye mtu wa kukimbiwa. Mama aliyepigwa na mumewe hawezi kumwendea usiku mtu ambaye mchana alimfukuza mumewe kwa ajili ya kodi. Tunapouliza kwa nini wananchi hawatoi taarifa za ukatili kwa watendaji, tusianze na elimu duni ya wananchi. Tuanze na kumbukumbu yao.

Kufutwa kwa kodi ya maendeleo kulileta tatizo jipya. Serikali kuu ilitoa ruzuku ya kufidia vyanzo vilivyofutwa, na ilielekezwa kwamba asilimia 20 irudi vijijini. Viongozi wengi wa vijiji watawaambia kwamba kiasi hicho kilifika kwa kuchelewa, au pungufu, au hakikufika. Wakati huo huo kazi za kijiji ziliongezeka. Sheria ilikwisha kuagiza kila halmashauri ya kijiji iwe na kamati ya ulinzi na usalama. Mabaraza ya kata, yaliyoundwa kwa sheria ya 1985 ili kudumisha amani kwa usuluhishi, yaliendelea kusikiliza mashauri huku gharama ya kwenda kuona eneo la mgogoro ikimwangukia mlalamikaji mara nyingi. Kuanzia 2006 Jeshi la Polisi lilihimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi. Neno *shirikishi* ni zuri, lakini katika hesabu za mtaa limekuwa na maana moja tu: changieni.

Gharama ya kutozuia ilionekana Kilosa, katika mkoa huu huu wa Morogoro. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walioyachunguza mauaji hayo na kuandika mwaka 2009, hawakuridhika na maelezo kwamba ng'ombe na mazao havipatani kwa asili. Waliangalia pia jinsi rushwa ilivyoharibu imani ya pande zote mbili kwa vyombo vya kutatua migogoro. Yaani tumerudi kwenye daftari la hazina ya kikoloni: ugomvi unapokuwa mapato ya mtu, huyo mtu hana haraka ya kuuzima.

Bonde la Kilombero lilijifunza hayo kwa njia yake. Wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 na baadaye walishuka na mifugo wakatafuta malisho sehemu nyingine, na wengine walifika huku. Wakazi wa Wilaya ya Kilombero walikuwa 321,611 katika sensa ya 2002, na 407,880 katika sensa ya 2012, na ardhi oevu ilikuwa imetambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo bondeni. Operesheni ina sifa moja ambayo wanahistoria wa fedha za umma wanapaswa kuiandika kwa wino mzito: haikosi magari, mafuta na posho. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ambao ungechora njia ya ng'ombe na mpaka wa shamba kabla watu hawajashikana, ulikuwa ukingoja fungu tangu sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999. Fungu la maana lilipatikana baada ya 2016, chini ya programu ya kuwezesha umilikishaji wa ardhi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Wafadhili wake walikuwa Uingereza, Sweden na Denmark.

Sasa nirudi Lipangalala na watoto waliobaki.

Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana mmoja katika kila saba. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili. Hatua zilifuata, na mwaka 2017 ukaanza Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ambao wengi wenu mnaujua kwa kifupi chake, MTAKUWWA. Awamu ya pili ilizinduliwa mwaka 2024. Nchi ilisema kwa maandishi kwamba kuzuia ukatili wa majumbani ni kazi ya serikali kuanzia taifa hadi mtaa, na ikaunda kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika ngazi zote hizo. Nionavyo mimi, hili ni badiliko kubwa kuliko tunavyolipa heshima. Balozi wa nyumba kumi alikuwa na huruma tu. Kamati ina maandiko.

Lakini ingieni katika ofisi ya mtaa, yoyote, katika mji wowote wa nchi hii, mwulize mwenyekiti kamati ilikaa lini. Atawaambia kwa adabu kwamba fungu hakuna. Neno *fungu* nalo lina historia yake. Fungu ni sehemu ya kitu kilichogawanywa mbele ya watu: fungu la samaki, fungu la nyama, fungu la urithi. Kila mwenye haki huona fungu lake likiwekwa. Katika hesabu za serikali fungu ni kifungu cha fedha kilichoidhinishwa, na ambaye hakuwapo wakati wa kugawa ndiye asiye na fungu.

Kwa Lipangalala kuna jambo la ziada, na sidhani kama limeangaliwa vya kutosha. Kijiji, kwa sheria ya mamlaka za wilaya ya 1982, kina nafsi ya kisheria. Kinaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, kutunga sheria ndogo, na kutoza ushuru wake. Mtaa hauna hayo. Mtaa ni sehemu ya mji, nao hungoja. Katika muongo wa 2010 Ifakara ilipandishwa kuwa Halmashauri ya Mji, na ile ya wilaya ikabaki na upande wa Mlimba. Watu walisherehekea, na walikuwa na sababu. Lakini kupandishwa hadhi kuna bei. Jamii ndogo inayoishi kijijini inaweza, ikitaka, kukubaliana katika mkutano mkuu kwamba sehemu ya ushuru wa mpunga imlipe mlinzi au inunue mafuta ya pikipiki ya kumfikisha mtoto aliyeumizwa kwenye Hospitali ya Mtakatifu Francis. Jamii ile ile ikiitwa mtaa haina ushuru wa kukubaliana juu yake. Ushuru unaingia mjini, na mtaa unaandika maombi.

Watetezi wa halmashauri hujibu kwamba mapato ya ndani ni machache. Ni kweli, na ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017, jambo lililompa mkulima nafuu na halmashauri maumivu. Lakini uchache wa fedha haujawahi kuwa jibu kamili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarudi mwaka 2024, na asilimia bado ipo kwenye sheria. Kwa lishe, halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na wakuu wa mikoa wakatia saini mkataba juu yake. Tazameni basi: mtoto ana bei ya uji wake katika bajeti ya halmashauri, bei iliyotajwa kwa shilingi. Mtoto huyo huyo hana bei ya usalama wake. Hakuna asilimia, hakuna kiasi kwa kichwa, hakuna mkataba. Kuna kamati, na kuna maelekezo kwamba halmashauri iizingatie kamati hiyo katika mipango yake.

Nimesikia hoja kwamba kazi hii ikilipwa itaharibika, kwamba kujitolea ndiko kunakoipa heshima. Ninaiheshimu hoja hii, kwa kuwa nimewaona walinzi wa mtaa waliofanya kwa moyo kile ambacho wenye mishahara hawakukifanya. Hata hivyo historia niliyoisimulia haiungi mkono wazo la kwamba ulinzi wa bonde hili umewahi kuwa wa bure. Ulilipiwa siku zote. Ulilipiwa na mgomvi mahakamani, na bibi aliyeuza kuku ili anyolewe, na mjane aliyetoa mchango wa zamu, na mlalamikaji aliyemsafirisha mjumbe wa baraza. Tofauti ya fungu la halmashauri na malipo hayo ni kwamba katika fungu mwenye gunia mia moja huchangia kwa magunia mia moja, na mwenye gunia moja kwa gunia moja.

Basi wagawaji hukaa lini? Hapa ratiba mbili hukutana, nami sijaona kitabu kilichoziweka ukurasa mmoja. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Ili bajeti iwe tayari, vipaumbele vya mitaa huombwa kuanzia Novemba, hukusanywa na kata, hupelekwa halmashauri, na madiwani huyapitisha makisio kabla ya Machi kwisha. Mvua za bonde la Kilombero huanza katika miezi hiyo hiyo. Novemba watu wanaandaa mashamba, Januari wanapalilia, Machi wanalinda. Mkutano wa mtaa wa kupanga vipaumbele huitishwa wakati ambapo milango mingi ya Lipangalala ina kufuli, na wanaohudhuria ni wale walio karibu na barabara: mwenye duka, mstaafu, mwenye kiwanja kinachohitaji kalvati. Kalvati huandikwa. Anayejua kwa nini binti wa miaka kumi na miwili hapaswi kulala peke yake na wadogo zake wawili yuko maili nyingi kutoka hapo, juu ya dungu, akipiga debe kufukuza ndege. Atarudi Juni na magunia yake, na makisio ya mwaka mpya yatakuwa yamekwisha kupita.